Namba ya Kiatu Haisemi Upana

Juma hili nawaomba mvue viatu. Sifanyi mzaha. Wewe mama unayesoma ukurasa huu baada ya kuosha vyombo, na wewe baba ambaye mtoto anakusomea, wekeni miguu mitupu chini mkitazame kidole gumba. Kwa kawaida kidole hicho huelekea mbele. Lakini kwa wengine, wala si wachache, kimelala upande kuwasukuma wenzake, na pale kiungo chake kinapoanzia, upande wa ndani wa mguu, pametokeza nundu ngumu. Habari ya leo ni nundu hiyo na viatu vya Jumapili, maana vitu hivi viwili havipatani.

Sharti nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana kwaya yetu ilikuwa inajitayarisha kwa sikukuu ya somo wa parokia. Vitenge vilikwisha kushonwa, ikabaki habari ya viatu. Likakatwa shauri kwamba akina mama wote wavae viatu vya namna moja: vyeusi, vinavyong'aa, vilivyochongoka mbele, na kisigino cha kuchuchumia. Mimi, kwa kuwa ni karani, na kwa kuwa chuo cha ualimu kilinifundisha kupanga kila jambo katika safu, nikapewa kazi ya kuandika orodha. Nikapiga mistari kwa rula: jina, namba ya kiatu, fedha iliyolipwa. Akina mama 26. Orodha ilikuwa safi mno, hata nikaipenda. Viatu vikaja kutoka mjini, kila mtu akachukua vyake, na siku ya sikukuu kwaya iliingia kanisani kwa mstari, visigino vyote vikigonga sakafu kwa mlio mmoja. Watu wakageuka kutazama. Nami nikageuka.

Jumapili iliyofuata mama mmoja wa sauti ya pili hakuonekana. Na nyingine hakuonekana. Mwezi ukaisha. Minong'ono ikaanza: ati amenuna kwa sababu hakupewa kuanzisha wimbo, ati siku hizi anaringa. Mimi nilikuwa bado na stakabadhi yake ya fedha za viatu, nikaifanya kisingizio nikaenda kwake. Nilimkuta uani anachambua maharage, mguu wa kulia umo ndani ya beseni la maji. Alipoutoa niliona nundu imeiva kama nyanya, na ngozi juu yake imechunika.

"Mwalimu," akaniambia (watu bado huniita hivyo, ingawa chaki niliiacha zamani), "uliniuliza namba, nikakuambia 39. Na kweli ni 39. Habari ya mguu wenyewe hukuniuliza."

Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akacheka kidogo. "Niseme nini mbele ya wasichana wale? Kwamba mguu wangu mbaya?"

Mama huyu ameimba katika kwaya ile miaka 19. Aliona heri aache kuimba kuliko kuingia na ndala katikati ya jozi 25 zinazong'aa. Ndugu msomaji, neno lake lilinichoma. Mimi mwenyewe ninayo nundu, ndogo, mguu wa kushoto, tena maumivu yake nayajua. Na bado sikukumbuka kuuliza.

Sasa tuitazame nundu yenyewe. Si nyama iliyoota, si jipu, wala si uchafu wa damu kama wengine wasemavyo. Ni mfupa. Nyuma ya kidole gumba umo mfupa mrefu unaokwenda mpaka katikati ya mguu. Mfupa huo unapopinda kutoka nje, na kidole chenyewe kikapinda kuelekea wenzake, kiungo hubaki kimetokeza pale katikati, kama kiwiko cha mkono uliokunjwa. Kisha kiatu hukisugua. Juu ya kiungo kuna kifuko kidogo chenye majimaji, na kikisuguliwa siku nyingi huvimba na kuwa chekundu. Ndiyo maana siku nyingine inauma na siku nyingine imetulia.

Basi, kama ni mfupa, mtu asije akakuambia kwamba ataiondoa kwa kuikata na wembe, au kuichoma, au kuipaka majani. Utapata kidonda, na nundu itabaki palepale. Viko pia vifaa vinavyouzwa vya kukivuta kidole kikae sawa wakati wa kulala. Huweza kumpunguzia mtu maumivu kidogo, lakini kwa mtu mzima kidole hurudi upande wake kifaa kikiondolewa. Nasema hivi usije ukauza kuku wako bure.

Yatoka wapi? Kwanza ni urithi, yaani umbo la mguu uliozaliwa nalo. Mama yangu mzazi hakuvaa kiatu mpaka alipoolewa, na nundu anazo mbili. Kwa hiyo si haki kumwambia kila mwenye nundu kwamba amejitakia kwa mapambo yake. Lakini kiatu nacho kina sehemu yake kubwa. Mwaka 1958 waganga wawili wa Hong Kong walitoa habari ya miguu ya Wachina waliyoipima, wengine wavaa viatu, wengine watu wasiovaa viatu kamwe. Katika kila 100 wa wavaa viatu, 33 walikuwa na kidole kilichopinda. Kwa wale wa miguu mitupu hawakutimia 2.

Wala usidhani kiatu cha ncha ni ugonjwa wa siku hizi, au wa wanawake peke yao. Katika karne ya 14 mtindo wa viatu virefu vilivyochongoka uliwashika watu wa Ulaya, wanaume kwa wanawake. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, huko Uingereza, walieleza habari ya mifupa ya watu 177 waliozikwa zamani katika mji ule na kando yake. Kabla ya mtindo ule, watu 6 tu katika 100 walikuwa na alama ya nundu. Baada ya mtindo kuingia, wakawa 27 katika 100. Sasa sikiliza jambo lililonichekesha mimi karani wa parokia: makaburi yaliyokuwa na nundu nyingi kuliko yote yalikuwa ya nyumba ya watawa Waagustino, 43 katika 100, pamoja na matajiri waliozikwa kwao. Na hali Mtaguso Mkuu wa Laterano ulikwisha kuwakataza makleri viatu vya ncha tangu mwaka 1215! Na makaburi yaliyokuwa na nundu chache kuliko yote ni yapi? Ya kijijini, 3 katika 100. Wakulima walivaa viatu vya kufanyia kazi.

Kwa hiyo, mama, ukiona haya kwa ajili ya mguu wako, kumbuka kwamba mapadre wa Cambridge walikuwa nao.

Tuje kwenye kiatu. Kiatu cha ncha huufunga mguu mbele, mahali ambapo mguu wa binadamu ni mpana kuliko pote. Kisigino kirefu huongeza shari, maana uzito wa mwili huteremka mbele, vidole vikasukumwa ndani ya ncha kama kabari. Na namba? Namba inasema urefu tu. Watu wawili wa namba 39, mmoja mguu wake mwembamba, mwingine mpana kama jembe, watapewa kiatu kilekile, na wa pili ataambiwa "kitaachia tu ukikivaa." Kiatu cha ngozi huachia kidogo, kweli. Cha plastiki hakiachii kamwe. Mguu ndio unaoachia.

Fanya hivi. Chukua karatasi, ukurasa wa daftari la mtoto unatosha. Simama juu yake kwa uzito wako wote, usikae, maana mguu wa aliyekaa ni mdogo kuliko wa aliyesimama. Mtu mwingine auchore kuuzunguka, kalamu ikiwa wima. Chora yote miwili, kwa kuwa mara nyingi hailingani. Fanya jioni, wakati mguu umekwisha vimba kwa kazi za kutwa. Kata karatasi ile kwa mkasi uende nayo mnadani. Kiatu unachokitamani, usikijaribu kwanza. Kiweke juu ya karatasi. Karatasi ikitokeza kando ya soli, kiatu hicho si chako, hata kama namba yako imeandikwa ndani kwa dhahabu. Ikienea, basi kivae, usimame, utembee. Mbele ya kidole kirefu kibaki kipande cha upana wa kidole gumba cha mkono. Ingiza mkono ndani upapase mahali nundu itakapokaa: pasiwe na mshono, wala kifungo, wala pambo gumu.

Katika mitumba angalia jambo jingine. Kiatu kilichovaliwa kimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande mmoja, kirudishe, hata muuzaji akupunguzie bei.

Najua sasa akina dada wanasema: karani anataka tuvae katambuga harusini. Sivyo hata kidogo! Napenda viatu vizuri, na sioni kwa nini mwenye nundu asipendeze. Uzuri wa kiatu hauko katika ncha peke yake. Uko katika rangi, katika ngozi laini iliyopigwa rangi vizuri, katika ukanda unaopita juu ya mguu. Ukanda huo, tena, una kazi yake: huushika mguu usiteleze mbele. Ukitaka urefu, tafuta kisigino kinene, cha vidole vitatu hivi, au soli iliyonyanyuka yote pamoja. Kisigino chembamba kama msumari hakifai hata kwa uwanja wa kanisa letu, kinazama katika mchanga. Kiatu cheusi cha mbele mviringo, kikipakwa rangi vizuri, hakuna atakayekitofautisha na vya ncha kutoka benchi la tatu.

Na kama umekwisha nunua? Ikiwa ni ngozi, mpelekee fundi viatu. Mwonyeshe mahali pa nundu kwa chaki. Fundi mwenye kalibu za mti ataingiza kalibu na kipande cha ngozi mahali pale, akiache kiatu kinyooke siku mbili au tatu. Fundi wetu alifanya hivyo kwa viatu vya zamani vya yule mama, kwa fedha isiyozidi bei ya kilo moja ya nyama. Huna fundi karibu? Lowesha kitambaa upake ngozi maji kidogo kwa ndani, pale tu panapobana, kisha shindilia magazeti makavu mpaka kiatu kitutumke, ukiache kivulini. Usikianike juani wala karibu na moto, kitapasuka.

Juu ya nundu yenyewe wengine huweka pamba. Yafaa, lakini usiiweke juu kabisa, maana utaongeza unene pale panapobanwa. Kata kitambaa kinene chenye tundu katikati, kama chapati iliyotobolewa, nundu ikae ndani ya tundu. Kati ya kidole gumba na cha pili unaweza kuweka kipande kidogo cha kitambaa laini visisuguane. Jioni mguu ukiwaka moto, uweke ndani ya maji ya baridi dakika kama 15. Kidonge cha kutuliza maumivu chafaa kwa siku mbaya, si kwa kila siku. Na ukikaa kupumzika, tandaza kanga chini uikunje kwa vidole vya miguu, uivute kwako. Haitanyosha mfupa, ila hutia nguvu misuli ya mguu. Watoto wangu huona ni mchezo, tunashindana.

Lakini shauri lililo bora nililipata kwa bibi zetu, ambao hawakusoma kitabu chochote. Wao walikwenda kanisani saa mbili kwa miguu, viatu wamevibeba kichwani au kwapani, na penye mto wa mwisho wakanawa miguu, wakavaa. Sisi tuliosoma tuliwacheka. Kumbe walijua kwamba kuna kiatu cha kutembelea na kiatu cha kusimamia. Vaa njiani malapa yenye ukanda nyuma ya kisigino, mapana, na viatu vizuri vitie katika mfuko. Misa ikiisha, vua. Saa moja na nusu ya kiatu kinachobana kidogo mguu huivumilia. Kutwa nzima, pamoja na karamu na ngoma, hauivumilii.

Kwa watoto nasema kwa ufupi, maana hapa hakuna mzaha. Mguu wa mtoto unakua na mifupa yake bado ni laini. Kiatu cha shule kilichokuwa sawa Januari huenda kikabana Agosti. Mchoree karatasi kila baada ya miezi michache. Mtoto anayekanyaga nyuma ya kiatu chake akakifanya kandambili, kabla hujamchapa kwa uharibifu, tazama vidole vyake.

Yako mambo ambayo si ya fundi viatu wala ya karani. Kiungo cha kidole gumba kikishikwa ghafula, usiku, kikawa cha moto na chekundu hata shuka haiwezi kukigusa, huenda ikawa si nundu bali jongo, nayo ina dawa yake hospitalini. Na mwenye ugonjwa wa kisukari awe mwangalifu kuliko wote. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, mtu akachubuka na asijue, na kidonda kidogo kikafika kwenye mfupa. Huyo asitembee miguu mitupu, asikate sugu kwa wembe, atazame nyayo zake kila jioni, au mjukuu amtazamie, na akiona mchubuko aende zahanati siku hiyohiyo.

Upasuaji upo. Madaktari wa mifupa hukata mfupa uliopinda wakaunyosha na kuufunga. Si kazi ya kufanyiwa ili mtu apendeze katika kiatu. Hufanywa kwa mtu ambaye maumivu yamemzuia kutembea na kufanya kazi, naye ajue kwamba majuma 6 au zaidi hatavaa kiatu chake cha kawaida, na uvimbe waweza kukaa miezi. Mama mwenye shamba na watoto apige hesabu ya nani atachota maji.

Nirudi kwa mama yetu. Niliomba nafasi katika mkutano wa kwaya, nikasimama nikasema kosa ni la orodha yangu. Nilitazamia maneno. Badala yake mama mmoja wa sauti ya kwanza akavua kiatu hapohapo, akaonyesha nundu yake. Kisha mwingine. Walipatikana saba! Saba katika 26, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Mwenyekiti, ambaye ni mwanamume na mguu wake ni mzima, alikuna kichwa, akasema sare ni rangi nyeusi, basi. Mbele ya kiatu kila mtu ajijue.

Jumapili ya kwanza ya Majilio yule mama aliingia na viatu vyake vya zamani, vimepakwa rangi upya, na upande mmoja vimetutumka kidogo pale fundi alipoviponyeza. Sauti ya pili ikasikika tena mpaka mlangoni. Viatu vile vya ncha amempa mpwa wake, msichana mwenye mguu mwembamba, navyo vimemkaa vizuri sana.

Nami nimepiga mistari ya orodha nyingine, maana wasichana wa utoto mtakatifu wanataka viatu vya Pasaka. Safari hii kila jina lina karatasi yake ya mguu, nimezitoboa nikazifunga kwa uzi. Padre aliona furushi lile juu ya meza ya ofisi akauliza ni nyayo za nani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema habari za kuweka maharage yasiliwe na wadudu.